Kakamega: Mji wa Bara Unaonyeshewa na Bahari Mbili



Mtu wa pwani huzaliwa ndani ya kalenda ya upepo. Kabla hajajua kusoma saa ya ukutani, huwa ameshajua kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba bamvua si sawa na maji mafu. Kusi likivuma, tangu Aprili hadi kuelekea Oktoba, bahari huchafuka, mawimbi hupiga mwamba kwa hamaki, mwani hujazana ufukweni, na mwenye mashua ndogo hutafakari mara mbili kabla ya kuvuka mlango wa bahari. Kaskazi likirejea, maji hutulia na vyombo hutanua tanga. Elimu hii hatukufundishwa darasani. Tumeirithi kwa baba zetu waliorudi na samaki, na kwa mama zetu waliotuzuia tusiende kuoga siku ambazo bahari ilikuwa na neno lake.

Basi mtu huyo akifunga safari kwenda bara, elimu hiyo huibeba au huiacha bandarini? Swali hili si la mchezo. Kila likizo ya Agosti familia nyingi za pwani huelekea magharibi ya Kenya: wengine huwazuru wakwe, wengine huwapeleka vijana katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na wengine, kama sisi safari hii, huenda kuuona msitu ambao wamekuwa wakiusikia tu. Wengi huufikiria mwezi wa Agosti kuwa ni kipupwe, wakati wa baridi kidogo na manyunyu ya mchoo yanayopita haraka. Kakamega ina Agosti nyingine kabisa, na asiyeijua huenda akawaweka watoto wake mahali pasipostahili, katika saa isiyostahili.

Mji wa Kakamega uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Atokaye Kisumu kuelekea kaskazini huvuka mstari wa ikweta njiani, na baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi huwa ameshaingia mjini. Kabla ya kufika, upande wa Ilesi, husimama lile jiwe refu liitwalo Jiwe Linalolia, ambalo maji huteremka kifuani mwake mithili ya machozi. Tulipolitazama tulijua kwamba tumeingia nchi ambayo hata mawe yake hayakauki. Mombasa hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,000 na ushei kwa mwaka. Kakamega hukaribia maradufu ya hiyo.

Jambo la kwanza linalomgusa msafiri wetu ni jua lenyewe. Kakamega iko mbali sana upande wa machweo, hivi kwamba magharibi huingia takriban dakika 20 baada ya Mombasa. Mwenye kutegemea ratiba ya swala aliyotoka nayo nyumbani na aibadilishe mapema, hususan mwenye kufunga, asije akafungua kabla ya wakati. Jambo la pili ni baridi. Usiku wa Agosti joto hushuka karibu na nyuzi 14, na watoto waliozoea kulala kwa shuka moja huhitaji blanketi na sweta.

Jambo la tatu, ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike, ni saa ya mvua.

Asubuhi ya Agosti mjini Kakamega ni ya kuvutia. Ukungu mwepesi huning'inia juu ya mashamba ya miwa na mahindi, kisha jua huuyeyusha, na kufikia saa nne mbingu huwa safi kama sahani iliyosuguliwa. Mgeni huona siku njema ya kutembea, akapanga kutoka baada ya chakula cha mchana. Wenyeji hawapangi hivyo. Mama mmoja aliyetukaribisha kwake alikuwa ameanua nguo zake zote kabla ya adhuhuri. Tulipomuuliza sababu, ilhali hapakuwa na wingu hata moja, alijibu kwa upole, "Jua hili ndilo linaloipika ile mvua, dada zangu." Kufikia saa saba mawingu meupe yalikuwa yamechomoza upande wa mashariki, juu ya milima ya Nandi, yakipanda kama unga unaoumuka. Saa nane upepo uligeuka na ubaridi ukaja ghafla. Saa tisa radi ilinguruma, na muda si muda mabati ya nyumba yalipigwa na mvua kiasi ambacho aliye chumba kimoja hakumsikia aliye chumba cha pili. Kabla ya magharibi kulikuwa kumetulia, vyura wakiimba. Siku iliyofuata mambo yalikwenda vivyo hivyo, na siku nyingi zilizofuata pia.

Aliyekua pwani hahitaji mwalimu mgeni kumweleza sababu, kwani sababu hiyo anayo mlangoni kwake. Mchana jua hupasha nchi kavu moto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya baharini huja kuijaza nafasi yake. Ndio ule upepo wa jioni unaotutoa barazani kwenda kupunga hewa Forodhani au Mama Ngina. Usiku mambo hugeuka, na alfajiri umande huvuma kutoka bara kwenda baharini, nao wavuvi huutumia kutokea. Kakamega haina bahari, lakini ina jirani mkubwa: Ziwa Victoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, maji mengi kiasi cha kuumba upepo wake lenyewe. Mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea mashariki ukiwa umebeba unyevu. Mbele yake hukuta ukingo wa Nandi umesimama kama ukuta, na juu ya milima hukutana na upepo mwingine unaotoka mashariki. Pepo mbili zikigongana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, unyevu huwa wingu, wingu huwa dhoruba. Hapo ndipo saa ya mvua ya Kakamega inapotiwa ufunguo kila siku.

Usiku, mashine hiyohiyo huzunguka kinyume. Upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hushukia ziwani, ukakutana katikati, na dhoruba zikazuka juu ya maji gizani, wakati wavuvi wamo kazini na taa zao. Ndiyo maana wavuvi wa ziwa hilo huogopa saa za kuelekea alfajiri, ilhali wakulima wa Kakamega huogopa saa za alasiri. Ziwa ni moja na jua ni moja, ila hofu zimegawanywa kwa zamu.

Hata hivyo, ziwa peke yake halitoshi kueleza mvua yote hii. Kusi letu la Julai na Agosti, lile linalochafua bahari ya Lamu na Malindi, halipendi kuingia bara. Hupita sambamba na pwani, likavuka ikweta na kushika njia ya Bara Hindi, ambako hupeleka mvua za masika ya kule. Ndiyo sababu Ukambani na sehemu nyingi za mashariki ya Kenya hukauka katika miezi hiyo. Magharibi hupata chanzo kingine. Zipo siku ambazo hewa yenye unyevu hutoka bonde la Kongo, ikavuka Uganda na kufika hadi milima ya magharibi ya Kenya. Na sehemu ya unyevu huo asili yake ni Bahari ya Atlantiki, ulioingia Afrika kwa upande wa Ghuba ya Guinea, ukanyesha juu ya misitu ya Kongo, ukavukizwa tena na majani, ukaendelea na safari. Mvua za Machi hadi Mei, kwa upande wake, zina fungu kubwa la Bahari ya Hindi, bahari yetu. Ukiuchukua mwaka mzima, basi, mji huu usio na ufuko hunyeshewa na bahari mbili.

Na Afrika nayo hulipa deni. Katika miezi hiyohiyo, kaskazini yetu, kwenye anga la Sudani na milima ya Uhabeshi, huzaliwa mawimbi ya hewa yanayosafiri kuelekea magharibi, yakapita juu ya Sahel na kutokea Atlantiki. Mengi hufifia njiani. Machache hukuta maji yenye joto, yakajikunja na kuwa tufani, na kilele cha msimu wa tufani hizo ni kuelekea tarehe 10 Septemba. Ndugu zetu wanaoishi katika majimbo ya mashariki ya Marekani huyajua matokeo yake. Hutokea siku ya mwisho wa kiangazi chao, jua linawaka, hakuna wingu, watoto wamevaa nguo za kuogelea, na kumbe tufani iliyo mbali sana baharini imeshatuma mawimbi yake mbele kama wajumbe. Mawimbi hayo hupiga ufuko, kisha maji hurudi kwa mkondo mkali unaomvuta mwogeleaji hadi kilindini. Walinzi wa pwani hupandisha bendera nyekundu, na wageni hulalamika wakisema mbona hali ya hewa ni nzuri.

Hapo ndipo tulipoona kwamba ufuko wa Atlantiki na shamba la Kakamega vinafundisha somo moja. Uzuri wa anga la saa hii hautoi dhamana ya saa ijayo. Bahari hutuma wimbi kutoka mbali. Nchi ya bara huipika dhoruba katika jua lilelile linalotufurahisha. Mwenye hekima hatazami mbingu ilivyo tu, bali hutazama inakoelekea.

Madhara ya kutojua si ya kulowa peke yake. Ukanda huu wa magharibi ya Kenya na Uganda ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi. Mnamo Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya na kuua wanafunzi 18. Mvua ya mawe nayo hupasua majani ya chai na migomba. Kericho, isiyo mbali na hapa, hutajwa katika vitabu vya hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Na miteremko iliyolowa kwa wiki nyingi huweza kukatika. Agosti 2007, katika kijiji cha Khuvasali upande wa Malava, mlima uliporomoka na kufunika nyumba. Watu walipokusanyika kuwafukua waliofukiwa, maporomoko ya pili yaliwakuta hapohapo. Sisi tuliokuzwa kando ya bahari tunajua kwamba wimbi halina ndugu mmoja, na kwamba anayemkimbilia mwenzake majini lazima aangalie nyuma yake. Huruma ni wajibu, na hadhari ni sehemu ya huruma hiyo.

Kuna pia hasara ya kimyakimya inayowagusa akina mama zaidi. Mahindi yaliyopandwa Machi huanza kuvunwa Agosti, yaani mavuno yenyewe hukutana uso kwa uso na mvua. Mama wa Kakamega huyaanika juu ya turubai asubuhi, akayageuza, akayakusanya kabla ya saa nane. Akichelewa siku moja, mahindi hurudi kuloa. Akichelewa siku kadhaa, huingia kuvu, na kuvu hiyo ina sumu inayodhuru ini, isiyoondoka kwa kupikwa. Chakula cha watoto wake cha miezi kadhaa hutegemea jicho lake la kusoma wingu. Tulipokuwa tukimtazama mwenyeji wetu akikunja turubai lake bila haraka, huku radi ya kwanza ikinguruma mbali, tulimfananisha na nahodha anayeshusha tanga kabla ya dhoruba kumfikia.

Elimu hii ina wenyewe. Kusini ya Kakamega, katika nchi ya Bunyore, uko ukoo wa Nganyi, ambao kwa vizazi vingi wamejulikana kwa kusoma dalili za mvua: mti fulani unapopukutisha majani, ndege wanapohama, wadudu wanapobadilisha mwenendo. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wamekaa nao, wakalinganisha dalili zao na vipimo vya mitambo, na utabiri wa msimu ukatolewa kwa pamoja kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini kuchunguza dalili Alizoziweka katika viumbe ni jambo jingine, na wazee wetu walilifanya pia. Wakulima na mabaharia wa Uswahilini walihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, tangu Nairuzi, wakajua mwongo gani wa kupanda na mwongo gani wa kusafiri. Mzee wa Bunyore na nahodha wa Pate, lau wangekutana barazani, wasingekosa la kuzungumza.

Tuliwapeleka watoto msituni asubuhi, baada ya chai. Msitu wa Kakamega, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, ni ukingo wa mwisho wa mashariki wa misitu ya mvua ya namna ya Kongo. Mbega weusi kwa weupe waliruka juu ya vichwa vyetu mikia yao ikipepea kama shungi, hondohondo wakapiga kelele, na harufu ya majani yaliyooza ilikuwa nzito kama ya udi uliolowa. Katika upande wa Buyangu tulipanda kilima, tukauona msitu wote umelala chini, ukitoa mvuke. Kiongozi wetu alituambia kwamba huo mvuke ndio mvua ya alasiri ikianza safari. Miti hunyonya maji ardhini na kuyarudisha angani kwa majani, na msitu unapokatwa, sehemu ya mvua hukatwa nao. Watoto walisikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza darasani. Kufikia saa sita tulikuwa tumekwisha kutoka, na hatukuwa na haja ya kukimbia.

Si mara ya kwanza kwa watu wa pwani kujifunza anga la huku. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilifika Mumias, mji wa Nabongo wa Wawanga, ulio magharibi ya Kakamega. Wengine walikaa, wakaoa, wakajenga misikiti, na uzao wao ungalipo, ukisema Kiswahili na Kiwanga kwa ulimi mmoja. Wale wasafiri hawakuwa na redio wala simu. Walichokuwa nacho ni adabu ya bahari, ya kumsikiliza mwenyeji wa mahali kama vile baharia anavyomsikiliza rubani wa bandari asiyoijua.

Kwa familia zitakazofunga safari, twapenda kuwausia haya machache. Matembezi yote, ya msituni, ya mtoni na ya sokoni, yafanywe asubuhi, na ifikapo saa nane watoto wawe karibu na nyumba. Umeme ukimulika, hesabuni sekunde hadi mngurumo usikike: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Hesabu isipofika 30, ingieni ndani ya nyumba madhubuti au gari lililofungwa, na mngoje nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, msikae uwanjani, msiwe majini wala kando ya mto. Mvua kubwa ikinyesha siku mfululizo, epukeni kulala chini ya mteremko uliolimwa. Bebeni viatu vya mpira, sweta, na buibui la akiba, kwani udongo mwekundu wa huku hausamehe pindo refu. Zaidi ya yote, ulizeni wenyeji. Hakuna mama wa Kakamega atakayekuona mjinga kwa kumuuliza mvua itakuja saa ngapi. Atafurahi kwamba umetambua kuwa ana elimu.

Qur'ani Tukufu ina sura nzima iliyopewa jina la Radi. Wazee wetu waliposikia ngurumo walikatiza mazungumzo, wakanyamaza, wakamtukuza Mola wao. Huko Kakamega tuliona kwamba kunyamaza huko kuna manufaa mawili: moyo hupata khushuu, na sikio hupata kujua dhoruba iko umbali gani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bara na wa baharini, awape wavuvi wa ziwa na wa bahari kurudi salama, na amjaalie kila mama akusanye mavuno yake kabla ya tone la kwanza. Amin.